Mwaka Tuliopasua Kompyuta ya Mama Taaka

Simu ilinikuta nikikaanga vitunguu. Mama Taaka hana desturi ya kuacha simu iite. Yeye hukata haraka ili umpigie wewe. Siku hiyo aliiacha ikaita mpaka nikamaliza kunawa mikono. "Ajiambo," akasema, "dada yangu ameenda. Njoo unitengenezee karatasi za mazishi. Nataka uso wake utoke vizuri. Si wewe ndiye mwenye nyuso?" Nikakaa chini, jiko nikalisahau. Asiyewajua angedhani anamsema ndugu yake wa tumbo moja. Alikuwa anamsema Mama Perpetua, mke wa kwanza wa marehemu mume wao, mwanamke ambaye nilipoanza kazi kwao Burumba, pale mpakani na Uganda, hakuwa anakanyaga mlango wetu, na ambaye Mama Taaka alikuwa anamwita "yule wa kule" huku akielekeza kidevu upande wa kisima. Namna "yule wa kule" alivyogeuka kuwa "dada yangu", niliiona kwa macho yangu mawili, na ilipitia ndani ya kompyuta. Najua kuna watakaocheka. Hata mimi nacheka, na vitunguu vyangu vimeungua. Lakini ndivyo ilivyokuwa, mwaka wa tisini na sita, na sijawahi kuwa na mwaka mwingine kama ule.

Biashara yenyewe ilikuwa chumba kimoja, mabati kwa nje na mbao nyembamba kwa ndani, rangi ya samawati ikapakwa mpaka usawa wa kiuno kisha ikaisha. Mlangoni kulikuwa na kibao cha kupiga chapa, kadi na programu. Sakafuni tulikuwa na zulia la nailoni, na kwenye meza iliyofunikwa vitambaa vya kufuma ilikaa kompyuta ya Mama Taaka, ya rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, aliyoinunua kutoka kwa ofisi moja iliyokuwa inafunga. Waliomuuzia walimwambia neno moja tu, naye akalishika kama amri ya kanisa: adui wa kompyuta ni vumbi. Kwa hiyo kwetu ulikuwa unavua viatu. Askari alivua. Mama wa samaki alivua. Katekista wa Nambale alivua, tukaona soksi zake. Mtu akipita barabarani alijua hali yetu kwa kuhesabu viatu mlangoni, na siku moja mteja wa upande wa Uganda aliondoka amevaa kimoja chake na kimoja cha katekista, tukamfuata mpaka karibu na kizuizi tukiita, "Ssebo! Ssebo! Miguu yako haifanani!"

Nyuma ya ukuta wa mabati walikaa wabadilishaji pesa kwenye vigoda vyao. Kazi yao ilikuwa kungoja, na mtu anayengoja husikia kila kitu. Nikikosea herufi nikaguna, sauti ilitoka ukutani, "Pole dada, futa uanze tena." Mama Taaka akimkemea mteja, ukuta ulichukua upande. Mchana tulikula kwenye kizingiti, miguu nje na migongo ndani, kwa sababu chakula nacho hakikuruhusiwa karibu na mashine. Ugali wa mtama na muhogo, mweusi mzuri, na mrenda, na omena ambao kaka yake Mama Taaka aliwaleta kutoka Port Victoria. Mpaka leo nikila ugali mweupe mezani, na viti vimepangwa, nahisi kama nimealikwa kwa mtu.

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane, halafu nikasoma kupiga chapa kwa masista mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Kazi yangu kubwa ilikuwa programu za mazishi. Na hapo ndipo ndoto yangu ilipozaliwa, kama naweza kuiita ndoto, kwa sababu niliiota nikiwa macho. Kila marehemu nilimchorea msalaba kwa nyota za kibodi, nyota moja moja, nyota kushuka, nyota kukata. Ulikuwa msalaba ule ule. Mzee aliyekuwa anatengeneza mitumbwi, msalaba. Msichana wa umri wangu aliyekuwa ananisalimia kila asubuhi na karai la ndizi za kuchoma, msalaba. Nilipomaliza ya huyo msichana nililia juu ya kibodi, Mama Taaka akanifokea kwamba machozi yana chumvi na chumvi inakula waya. Lakini alikuja akanipangusa yeye mwenyewe. "Sasa unataka nini, wewe mtoto?" akauliza. Nikamwambia, "Nataka watu waonekane, Mama. Nataka uso." Mwezi haukuisha akaenda Kisumu akarudi na printa ya rangi ndani ya boksi, ameishika mapajani kama keki.

Ni hapo tuligundua kwamba rangi hazikai ndani ya printa peke yake. Mama Taaka aliamini ni kama ndoo ya rangi: unafungua, unapaka. Kumbe kompyuta yenyewe lazima iwe inaziona, na yetu ilikuwa inajua rangi chache tu, kama mtoto aliyepewa penseli za kugawana. Tena diski yake, kile chuma kinachotunza kazi zote, ilikuwa imejaa pomoni. Programu ya ile printa haikupata hata mahali pa kukaa. Nilifuta barua za zamani, nikafuta nyimbo za kwaya, nikaibana ndani kwa nguvu. Kisha tukajaribu picha ya katekista, iliyokuja kwenye disketi. Ilitoka na paji la uso la kijani, mashavu ya zambarau, na madoadoa. Katekista akaishika kwa ncha za vidole. "Mama Taaka," akasema taratibu, "mimi ni mamba?" Ukuta ulicheka mpaka jioni. Printa ikarudi chini ya kitambaa cha kufuma, na Mama Taaka akaanza kuzungumza na mtu mmoja wa Tororo aliyekuwa ananunua mashine zilizochoka na kuzitoa vyuma. Mahali petu Mama Taaka alitaka kuweka kinu cha kusaga unga wa posho. Kinu hakihitaji kuona rangi.

Sikulala vizuri siku hizo. Kinu kikija, mimi ningerudi Nambale kupalilia muhogo wa watu, na vidole vyangu vingesahau njia. Na ndipo akaja Nafula. Nafula alikuwa binti wa nyumba kubwa, mtoto wa Mama Perpetua, na alikuwa anaolewa kanisani. Alivua viatu vizuri, akapiga magoti kidogo kumsalimu mama yake mdogo, akasema anataka kadi za harusi zenye picha yake na ya bwana harusi, picha ya rangi, kama zinazotoka Kampala. Kupitia mlangoni nilimwona Mama Perpetua amesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, anaangalia duka la magodoro kwa bidii sana, kama mtu ambaye hakuja na yeyote. Mama Taaka naye alimwona. Akanyoosha mgongo. "Zitatoka," akasema kwa sauti ya kuvuka barabara. "Kwa nini uende Kampala na hapa ni kwenu?" Nafula alipoondoka, Mama Taaka aliniangalia kwa hofu. "Ajiambo, nimesema nini?"

"Umesema zitatoka, Mama."

"Basi zitoke. Mtu wa Tororo nimemwambia Jumatatu ya wiki ijayo. Zisipotoka, achukue. Sitaki kuaibishwa na kifaa mbele ya yule wa kule."

Nilimkumbuka Opolot. Opolot alikuwa karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani kule Malaba, kijana wa Kiteso mwenye shingo ndefu na mdomo usiofungwa. Alizoea kuja kwetu kuchapisha fomu mashine zao zikikwama, na jioni alikuwa anatengeneza redio za watu kwenye veranda yake. Alikuwa ameniambia kwamba ofisi yao inabadilisha mashine na za zamani zinakatwakatwa. Jioni ile nilimpelekea ujumbe pamoja na picha aliyotuachia Nafula, na asubuhi ya pili nikamfuata Malaba. Malori yalikuwa yamejipanga kwenda mpakani mpaka usione mwisho, madereva wamelala chini ya matrela yao, na harufu ya dizeli na chapati imeshikana. Opolot alitoka na pakiti mbili. "Yoga, Ajiambo! Mulembe! Salamu zote nimekupa, chagua," akasema. Pakiti ya kwanza ilikuwa na kadi ya picha, ubao mdogo wa kijani wenye meno ya dhahabu. "Hii ndiyo macho. Ile yenu inaona kama mzee wa miaka mia. Hii inaona hata aibu." Ya pili ilikuwa diski, nzito, baridi, kubwa kwa tumbo kuliko yetu mara nyingi. "Na hii ndiyo ghala. Mkubwa wangu amekubali niwapatie, na mimi nimekubali kulipwa samaki wa moshi wa Port Victoria. Usinipunguzie vichwa, kichwa ndicho napenda." Picha ya Nafula na bwana harusi nayo alikuwa ameiingiza kwenye disketi kwa skana ya ofisini kwao. Yeye angekuja Jumamosi kwa baiskeli kufunga kila kitu. Lakini diski hakutaka kuibeba. "Barabara ile na baiskeli yangu, itafika imekuwa unga. Ndani kuna sahani inazunguka, na kidole kinaisoma bila kuigusa. Haitaki kurushwa. Ibebe kama mtoto."

Basi nikaibeba kama mtoto. Sikujua njia nyingine ya kubeba kitu kisirushwe. Nikaivika fulana, nikaizungushia taulo, nikaifunga mgongoni kwa leso, vile mama zetu wanavyofanya, chini ya matako mkazo na juu ulegevu kidogo. Pikapu ya mikate ilinichukua hadi mjini kwetu, nikisimama nyuma kati ya kreti na magoti nimeyalegeza ili kila shimo liishie miguuni mwangu. Kwenye kizuizi askari akachungulia. "Mtoto hajambo?" akauliza. Ningeweza kusema hajambo nikaendelea, lakini mimi kusema uongo sauti yangu hupanda kama filimbi. "Si mtoto, afande. Ni diski." Akataka kuiona. Nikafungua leso hapo barabarani, nikafunua taulo, nikafunua fulana. Akainama, akaitazama, akatazama karatasi ya ofisi aliyonipa Opolot, akanitazama tena mimi. "Inafanana na baba yake," akasema, na kreti zote za mikate zikatikisika kwa kicheko cha dereva. Akanisaidia kuifunga tena mgongoni. Mpaka leo sijui jina lake, lakini ningemjua kwa mikono yake. Alikuwa amewahi kufunga mtoto.

Jumamosi ilikuja na joto la kabla ya mvua. Opolot alifika suruali imefungwa kamba kifundoni, akanywa maji makopo mawili, akavua viatu. Kabla ya kugusa chochote alishika nondo za dirisha. "Mwili una umeme wake, hasa kwa hili zulia lenu," akasema. "Nautoa hapa kwanza." Kisha akachukua bisibisi na kufungua sanduku. Sijui nilitegemea nini. Ndani kulikuwa na waya kama matumbo ya kuku, na vumbi, vumbi jekundu la Burumba, limetanda kila mahali kama blanketi. Mama Taaka alishika kifua. "Na viatu vyote tulivyovua!" akasema. Ukuta ukauliza, "Daktari ameshapasua?" Opolot akajibu, "Amepasua! Mgonjwa amekula udongo!"

Tulikuwa tunapuliza vumbi wakati Nafula alipoingia, na nyuma yake, mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, Mama Perpetua. Hakuingia. Alikuja mpaka kwenye benchi la veranda, akakaa, akaweka mwavuli kati ya magoti. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kanisani vyenye bizimu za shaba. Mama Taaka alisimama mlangoni. "Karibu ndani, Mama Perpetua."

"Hapa panatosha. Kuna hewa."

Sote tulielewa. Mama Perpetua alikuwa amewahi kusema mbele ya watu kwamba mguu wake hautakaa mtupu mbele ya mlango wa mke mdogo. Mama Taaka alirudi ndani, akachukua tochi, akamulika ndani ya sanduku.

Kadi ya picha ndiyo iliyotutisha kwanza. Opolot aliingiza meno yake kwenye ufa wake, akawasha, na mashine ikalia pii ndefu na pii fupi, skrini nyeusi kama usiku wa mawingu. "Haijakaa," akasema Opolot. Akazima, akashika nondo, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikatoa mlio, ka! Akawasha. Herufi zikajitokeza, safi, zimesimama wima kuliko nilivyowahi kuziona. Nilipiga makofi. Ukuta ukapiga makofi. Nafula akacheka.

Kisha diski. Opolot aliifunga diski mpya chini ya ile ya zamani, akaziunganisha kwa mkanda mmoja wa waya, mpana kama mshipi wa shule. Akawasha. Mashine ikafikiri, ikafikiri tena, ikaandika kwa Kiingereza chake kifupi kwamba haina diski hata moja. Opolot alizima, akageuza mkanda, akawasha. Hakuna. Alichomoa ya zamani peke yake, mpya ikaonekana. Alichomoa mpya, ya zamani ikaonekana. Akiziweka pamoja, mashine inaapa kwamba nyumba ni tupu. Jasho likaanza kumtiririka kwenye ile shingo yake ndefu, na mdomo wake, ambao sijawahi kuuona umefungwa, ukafungwa. Mama Taaka alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Mimi niliangalia mikono yangu. Niliona jembe.

"Ah!" akasema Opolot mwishowe, na akacheka kidogo kwa uchungu. Alikuwa amelala chali, kichwa karibu kiingie ndani ya sanduku. "Nimeona. Ni mimi. Hizi diski mbili, kila moja ina kijiti kidogo nyuma, kama punje ya mtama. Ndicho kinachoiambia wewe ni wa kwanza au wewe ni wa pili. Sasa zote mbili zimeambiwa ni wa kwanza. Kila moja inataka kujibu mashine ikiita, kwa hivyo mashine haisikii hata moja." Akakaa. "Moja lazima ishuke. Nilitaka hii mpya iwe wa kwanza, kwa sababu ndiyo yenye mwili. Lakini nikifanya hivyo lazima nianze kila kitu upya, na disketi moja ya kuanzia imeota ukungu."

Nilisikia benchi likilia. Mama Perpetua alikuwa ameegemea mbele.

"Kijana," akasema kutoka nje, bila kugeuza kichwa, "hapo aliyekuwako ni nani?"

"Ni hii ndogo, mama. Ya zamani."

"Na mwenye mwili?"

"Mgeni."

"Sasa unauliza nini? Wewe kwenu hakuna boma? Aliyefika kwanza hatolewi nyumba yake ati kwa sababu mwenzake amekuja na mwili. Mwache pale pale, atazame lango. Huyu mpya mjengee kando. Mpatie kazi nzito, nguvu anazo. Lakini mashine ikibisha, ibishe kwa mkubwa kwanza."

Opolot alikuwa ameshika bisibisi hewani, anaangalia kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa asiyemjua. Mama Taaka alizima tochi. Alizungumza akielekea mlangoni, sauti yake ndogo kuliko nilivyoizoea.

"Ni kweli. Lakini huyo mkubwa naye aitikie mwenzake akipiga hodi. Asijifanye haoni mtu ndani ya boma."

Mwavuli uligonga saruji mara moja. Gari moja likapita. Nikadhani sasa ataondoka, na kadi zitaondoka naye, na kila kitu.

"Ataitikia," akasema Mama Perpetua.

Na nyuma ya mabati, kwa sauti nzito ya kanisani, mbadilishaji pesa mmoja akasema, "Ameni." Mama Taaka alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha nikasikia kicheko kingine, kikavu, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi, na kilikuwa kinatoka veranda.

Opolot alichomoa kijiti cha diski mpya kwa kucha, akakihamisha kwenye sindano za pili, akaomba kimya kwa Kiteso. Niliona midomo yake. Akawasha. Mashine ikabisha kwa mkubwa. Mkubwa akaitikia, na mara, chini yake, mstari wa pili ukajiandika: na mdogo yuko. Wote wawili, mmoja chini ya mwingine, wamekaa. Nilipiga kelele ambayo hata leo Opolot huiiga tukikutana. Programu ya printa tuliihamishia nyumba mpya na ikanyoosha miguu. Disketi iliyokuja na kadi ya picha ikaingia, mashine ikazima na kujiwasha tena, na sasa nikaweka disketi ya Malaba na kufungua picha ya Nafula.

Haikuja mara moja. Ilishuka kutoka juu, mstari baada ya mstari, kama mtu anayeteremsha pazia polepole. Kwanza anga, na ilikuwa anga kweli, si bati la buluu. Kisha ncha za majani ya mgomba. Kisha nywele, kila mstari wa kusuka. Kisha paji la uso, na nikashika pumzi, kwa sababu pale ndipo katekista alikuwa kijani. Paji lilikuwa kahawia. Kahawia ya Nafula, ile ya chai iliyochemka na tangawizi, yenye mwanga kidogo upande wa jua. Macho yakafika. Mwanya wa meno ukafika. Na bwana harusi kando yake, ameogopa kamera, masikio yake yakipitisha mwanga kwa nyuma, mekundu. "Mama!" Nafula akapiga kigelegele. "Mama, ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Nilisikia bizimu ya shaba ikifunguliwa. Kisha ya pili. Mama Perpetua aliingia na miguu mitupu juu ya zulia letu la nailoni, polepole, kama mtu anayeingia mtoni, na akasimama mbele ya skrini. Hakugusa. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia, akauangalia uso wa mtoto wake ukimwangalia kutoka ndani ya kile chuma. "Rangi zimekaa," akasema. Nje tone la kwanza la mvua likapiga bati. Mama Taaka akatoka, akainama, akaviokota vile viatu vyeusi, akaviingiza ndani na kuvipanga chini ya meza kando ya vyake. Katika miaka yote ya biashara ile sijawahi kuona viatu vya mteja vikiingizwa ndani. Huyo hakuwa mteja tena.

Kadi zilitoka. Zilitoka nzuri hivi kwamba watu waliobaki na kadi ya Nafula waliitundika ukutani. Mtu wa Tororo alikuja Jumatatu na gunia la kubebea vyuma, akavua viatu kama kila mtu, na akaondoka ameagiza kadi za ubatizo wa mtoto wake. Opolot alikula samaki wake, vichwa vyote. Na mimi niliacha kuchora msalaba wa nyota. Mwaka ule wote, hata wa baadaye, kila aliyepita mikononi mwangu, wa harusi na wa mazishi, alitoka na uso. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, kwa mashine zinazofungua picha kabla hujatoa kidole. Sijawahi tena kushika pumzi kama nilivyoshika nikingojea paji la uso la Nafula.

Nilifika Burumba siku ya pili baada ya ile simu. Wabadilishaji pesa hawapo. Kuna vibanda vya simu. Lakini chumba kipo, samawati imefika sasa mpaka darini, na kwenye kona, chini ya kitambaa cha kufuma, ile kompyuta bado imekaa na diski zake mbili tumboni. Niliacha viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilifungua laptopu yangu mezani, Mama Taaka akakaa kando yangu, mdogo siku hizi, magoti pamoja. Tukachagua picha moja ambayo Mama Perpetua amekaa na mwavuli wake na karibu anacheka. Nilipofika mahali pa kuandika aliowaacha, nikaandika watoto, nikaandika wajukuu, na kidole kikasimama, sikujua nimwandikeje aliyekaa kando yangu. Alikuwa anasoma na mimi.

"Andika ameacha dada mmoja," akasema. "Mimi, Taaka."

Nikaandika. Kisha nikaufungua uso wa marehemu ukajaa skrini nzima, mara moja, bila pazia. Mama Taaka akasogea mpaka pua yake ikakaribia.

"Rangi zimekaa?" akauliza.

"Zimekaa, Mama."

Akainuka akishikilia meza, akaenda mlangoni polepole, akainama. Mvua ilikuwa inaanza. Akaviokota viatu vyangu, akavipangusa tope kwa leso yake, akaviingiza ndani.